Ubao Wenye Mvi Si Ubao Uliooza

Mutuini iko upande wa magharibi wa Nairobi, katika Dagoretti, mahali ambapo mji wapakana na mashamba ya Kiambu. Huko, kama katika vitongoji vingine vya nyanda za juu, si ajabu kuona nyumba yenye baraza la mbao mbele ya mlango: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, isiyo na kuta, na mara nyingi isiyo na paa. Hapo ndipo wazee huota jua la asubuhi, wageni hukaribishwa, na mboga huchambuliwa kabla ya kupikwa. Baraza hilo hupata taabu kuliko sehemu nyingine zote za nyumba. Ukuta wanyeshewa ubavuni tu, na maji yateremka upesi. Bali sakafu yapokea mvua usoni, tena yakanyagwa kila siku.

Makala haya yaeleza namna ya kulikinga baraza la mbao lisioze, bila ya kulivika rangi, hata mti wenyewe ukaachwa uzeeke kwa jua na mvua kama ilivyo desturi yake. Jambo hili lawezekana, wala halina gharama kubwa. Lakini yampasa mwenye nyumba kwanza atambue tofauti ya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni mvi za ubao na uozo wa ubao.

MVI ZATOKA WAPI

Mti umefanywa kwa nyuzi nyembamba zilizoshikamana. Kinachozishikamanisha ni kitu kiitwacho lignini, nacho ni kama gundi. Mwangaza mkali wa jua huivunja gundi hiyo juu ya uso wa ubao, kisha mvua huiosha ikaenda zake. Zinazobaki ni nyuzi tupu, ambazo rangi yake ni nyeupe-nyeupe. Na vijidudu vidogo vya ukungu vikiisha kukaa juu yake, rangi hugeuka kijivu. Hizo ndizo mvi za ubao.

Yafaa ijulikane ya kuwa mwangaza wa jua hauwezi kuingia ndani sana ya mti. Tabaka hilo la kijivu kwa kawaida halifikii unene wa milimita moja. Mtu akilipitishia randa mara chache, ataona chini yake ubao wenye rangi ile ile ya siku uliponunuliwa. Wataalamu wa Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1910 mjini Madison, wamekadiria ya kuwa kuta za nje za miti laini, zisizopakwa kitu cho chote, huliwa na jua na mvua kwa kiasi cha milimita 6 hivi katika muda wa miaka 100. Ni kweli kwamba jua la Nairobi, karibu na mstari wa Ikweta, ni kali zaidi, tena sakafu hulikwa upesi kuliko ukuta. Hata hivyo, ni wazi kwamba mvi peke yake haziui ubao. Ni kama mvi za mzee: zaonyesha umri, hazionyeshi ugonjwa.

UOZO NI JAMBO JINGINE

Uozo hauletwi na jua. Uozo huletwa na kuvu, yaani viumbe vidogo kabisa ambavyo huingiza nyuzi zao ndani ya mti na kuula. Kuvu huhitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto la kadiri, na maji. Chakula ni ubao wenyewe. Hewa na joto havikosekani Mutuini. Basi kimebaki kitu kimoja tu ambacho mwenye nyumba aweza kukitawala, nacho ni maji.

Hapa pana hesabu moja ambayo kila fundi yampasa kuikumbuka. Mti ambao maji yake hayazidi sehemu 20 katika kila 100 za uzito wake mkavu hauozi. Maana yake, kilo 100 za mti mkavu kabisa zaweza kubeba kilo 20 za maji bila hatari. Maji yakipita kiasi hicho na kukaribia sehemu 30, na yakidumu humo kwa majuma mengi, kuvu huamka na kuanza kula. Kwa hiyo mvua ya saa moja haiharibu baraza, kama ubao wapata nafasi ya kukauka kesho yake. Kinachoharibu ni maji yaliyokwama: chini ya sanduku la maua, baina ya mbao mbili zilizobanana, juu ya boriti isiyopata upepo, na katika udongo uliogusana na nguzo.

Katika Dagoretti mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 1,000, na sehemu kubwa yake hunyesha katika misimu miwili, mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Lakini miezi ya Juni, Julai na Agosti nayo ina hila yake. Mvua ni haba, lakini mawingu hulifunika jua, ukungu hushuka asubuhi, na baridi hukawiza ukaukaji. Ubao ulioshiba maji mwezi wa Mei, kama haukupewa njia ya kuyatoa, waweza kubaki na unyevu mpaka Septemba. Huo ndio wakati kuvu hufanya kazi bila kuonekana.

KUPIMA KABLA YA KUNG'OA

Na msomaji afikirie mama mmoja wa Mutuini ambaye alijengewa baraza miaka mitatu iliyopita. Siku ile mbao zilikuwa za manjano mazuri. Sasa zote ni za kijivu. Amwita fundi, amwambia, "Fundi, mbao hizi zimekwisha. Zing'oe, uniwekee nyingine."

Fundi mwenye tamaa ya fedha atang'oa. Lakini fundi mwenye elimu ya kazi yake atapiga magoti, atashika bisibisi nyembamba, na kuanza kuchoma ubao mmoja mmoja. Kisha atasema, "Mama, tazama hapa. Katikati ya ubao chuma chakataa kuingia. Lakini hapa mwisho, karibu na ukuta, chaingia kama katika mkate. Mbao 17 ni nzima kabisa. Hizi 3 tu zimeoza vichwani. Tutabadili 3, halafu tutafute ni nini kinachoyazuia maji hapa."

Fundi huyo amemwokolea mama yule gharama ya mbao 17. Wala gharama hiyo si ndogo. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018. Marufuku hiyo ilifanya bei ya mbao ipande nchini kote, na ilikuwa mwezi wa Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa. Ubao ulio mzima, hata ukiwa na mvi, ni mali.

Kipimo cha fundi yule ni rahisi, na kila mtu aweza kukifanya. Choma ncha ya bisibisi au kisu katika ubao, kisha inua kidogo. Ubao mzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, nao hulia kwa ukali unapovunjika. Ubao uliooza hukatika vipande vifupi, bila sauti, kama mkate mkavu. Mahali pa kupima kwanza ni vichwani mwa mbao, kando ya misumari, na chini kwenye nguzo. Jambo hili si la kufanyiwa uvivu, kwa sababu ubao uliooza chini waweza kuonekana mzima juu, mpaka siku atakapoukanyaga mtoto anayekimbia au bibi mwenye fimbo.

KWA NINI RANGI HAIFAI SAKAFUNI

Watu wengi hudhani kwamba njia ya kuzuia maji ni kuufunga ubao kabisa, kwa kuupaka rangi ya mafuta au vanishi nene. Katika ukuta, njia hii yaweza kufaa. Katika sakafu ya nje mara nyingi huleta hasara, na sababu yake ni hii. Ubao hutanuka ukilowa, na husinyaa ukikauka. Rangi iliyokauka haiwezi kuufuata katika mwendo huo kwa muda mrefu. Hupasuka, hasa katika maungio na penye misumari. Viatu na miguu ya viti huongeza mikwaruzo. Maji huingia kwa nyufa hizo nyembamba, lakini yakiisha kuingia hayaoni njia ya kutoka, kwa maana rangi iliyobaki yayafungia ndani. Hivyo ubao waoza chini ya vazi zuri, na mwenye nyumba hajui mpaka rangi inapobambuka.

Kwa hiyo shabaha si kuuziba ubao kama chupa. Shabaha ni kuufanya ukatae maji ya mvua yanapoanguka, na wakati huo huo uweze kupumua na kutoa unyevu ulio ndani. Mambo haya mawili hupatikana kwa ujenzi mzuri kwanza, na kwa mafuta yenye nta baadaye. Mafuta hayatengenezi kosa la ujenzi.

KUCHAGUA MTI

Kila mti una moyo na sehemu ya nje. Moyo ndio mti wa katikati, ambao kwa kawaida ni wenye rangi nzito. Sehemu ya nje iliyo chini ya ganda ni nyeupe. Sehemu nyeupe ya mti wo wote haistahimili kuoza, hata kama moyo wa mti huo ni imara sana. Mnunuzi wa mbao za baraza yampasa kutazama rangi ya mbao kabla ya kutazama bei.

Katika nyanda za juu za Kenya, mti uliosifiwa tangu zamani kwa kazi ya nje ni mutarakwa, ule mwerezi wa milimani wenye harufu nzuri, ambao moyo wake hukataa kuvu na mchwa pia. Nguzo za uzio za mutarakwa zilienea mashambani kwa sababu hiyo. Lakini mti huo hukua polepole, nao wapaswa kuhifadhiwa. Mbao nyingi zinazouzwa sasa ni za saiprasi na msonobari, miti iliyotoka Meksiko na nchi za jirani zake na kupandwa katika misitu ya serikali. Moyo wa saiprasi hustahimili kwa kadiri. Msonobari huoza upesi kama haukutiwa dawa, ila hunyonya dawa vizuri. Grevilea, mti wa mipakani mwa mashamba, wafaa kwa kazi za ndani kuliko za nje. Mvule na msaji ni bora sana, lakini bei yake si ya kila mtu. Mwenye kutaka kujua zaidi habari za miti hii aweza kuuliza katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1986, ambayo makao yake yako Muguga, si mbali na Mutuini.

Mbao mbichi zisipigiliwe. Zipangwe kivulini, penye upepo, na kati ya kila tabaka viwekwe vijiti vya unene mmoja. Mtu apime uzito wa ubao mmoja kila juma. Uzito ukikoma kupungua, mbao zimekauka.

KUJENGA ILI MAJI YAONDOKE

Maji hufuata mkondo, na fundi mwerevu huyapa mkondo kabla hayajajitafutia. Mambo makubwa ni haya:

La kwanza, nguzo zisizikwe katika udongo mwekundu. Kila nguzo isimame juu ya jiwe au zege, na mguu wake uwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 au 20. Hivyo udongo unaorushwa na matone ya mvua hauufikii kwa wingi, na mchwa wakijenga njia yao ya udongo kupanda juu, itaonekana na kuvunjwa. Watu wa Norway walijifunza somo hili kwa hasara. Makanisa yao ya kwanza ya mbao yalikuwa na nguzo zilizozikwa ardhini, nazo zilioza. Baadaye walianza kuzisimamisha nguzo juu ya magogo yaliyolazwa juu ya msingi wa mawe, wakaupaka mti lami ya msonobari mara kwa mara. Kanisa la Borgund, lililojengwa kiasi cha mwaka 1180, lasimama hata leo, katika nchi ya mvua na theluji.

La pili, pawe na nafasi ya milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao, kiasi cha unene wa msumari wa inchi 4. Mbao zikibanana, takataka hukaa katikati na kushika maji kama sifongo.

La tatu, sakafu iinamishwe kidogo kutoka nyumbani kwenda nje, kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1. Jicho halioni mwinamo huo, lakini maji huuona.

La nne, upepo upite chini ya baraza. Mtu asilizibe kwa mawe pande zote, wala asifanye mahali hapo kuwa ghala ya kuni na magunia.

La tano, maji ya paa yasianguke juu ya mbao. Mfereji wa paa wenye tundu moja waweza kuozesha ubao mmoja huku majirani zake wakiwa wazima.

La sita, misumari iwe ile iliyopakwa zinki. Msumari wa chuma kitupu hushika kutu, huacha madoa meusi, na tundu lake hupanuka likawa kisima kidogo.

KICHWA CHA UBAO NDICHO KINYWA CHAKE

Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kutoka mizizini kwa njia ya mirija myembamba inayofuata urefu wake. Ubao ukikatwa, mirija hiyo hubaki wazi pale mwisho, katika kichwa cha ubao. Ndiyo maana kichwa hunywa maji upesi mara nyingi kuliko ubavu. Mtu aliyepaka mafuta uso mzima wa baraza na kuvisahau vichwa vya mbao amefunga madirisha na kuuacha mlango wazi.

Basi kila ubao ukiisha kukatwa kwa kipimo, kabla ya kupigiliwa, kichwa chake kichovywe ndani ya mafuta ya kinga, au kipakwe mara tatu mpaka kikatae kunywa zaidi. Vivyo hivyo sehemu ya chini ya ubao na mgongo wa boriti vipakwe kabla ya kuunganishwa, maana baadaye brashi haitafika huko.

MAFUTA YA KINGA

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa dawa za kukinga mbao zisizo na rangi. Mnunuzi asome maandishi ya mkebe, ahakikishe kwamba ni za kazi ya nje, na kwamba hunywewa na ubao badala ya kukaa juu yake kama ngozi. Anayetaka kutengeneza yake mwenyewe aweza kufuata kipimo kinachojulikana tangu zamani:

Mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, yale yaitwayo yaliyochemshwa: mililita 350.
Nta nyeupe ya mishumaa: gramu 30.
Tapentaini: ya kutosha kufanya mchanganyiko wote uwe lita 4 kasoro kidogo.

Kila kimoja kina kazi yake. Nta ndiyo inayoyakataa maji. Mafuta huishikilia nta ndani ya ubao. Tapentaini huvichukua vyote viwili mpaka ndani, kisha huruka hewani. Kwa kuwa mafuta ya linsidi ni chakula cha ukungu, ni vema kuongeza dawa ya kuzuia ukungu kwa kipimo cha mtengenezaji wake, hasa kwa baraza lililo kivulini.

Hapa pana hatari tatu zinazopasa kuangaliwa sana. Mosi, mafuta hayo huitwa yaliyochemshwa, nayo hutengenezwa kiwandani. Mtu asijaribu kuyachemsha nyumbani. Pili, tapentaini hushika moto upesi. Nta iyeyushwe katika mkebe uliowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha ichukuliwe mbali na jiko, nje ya nyumba, imiminwe polepole ndani ya tapentaini baridi huku ikikorogwa. Tapentaini isiwekwe motoni kamwe. Tatu, matambara yaliyoloa mafuta ya linsidi yakirundikwa pamoja hujipasha joto yenyewe na yaweza kuwaka bila ya kiberiti. Yaanikwe nje moja moja mpaka yakauke, au yatiwe katika ndoo ya maji.

Siku ya kupaka iwe kavu, na mbao ziwe zimekaa bila mvua kwa siku kadhaa. Baraza lifagiliwe, lisuguliwe kwa brashi ngumu, maji na sabuni, na kuachwa likauke. Mafuta yapakwe kwa kufuata urefu wa ubao, na yale yasiyonywewa yafutwe kwa kitambaa, yasiachwe yakawa utelezi. Katika baridi ya Julai nta yaweza kujitenga. Mkebe upelekwe chumbani penye joto la kawaida, ukorogwe tena.

Ubao uliopakwa hivi utaendelea kugeuka kijivu, ila polepole na kwa usawa zaidi. Tena kuna faida isiyotazamiwa na wengi: ubao wenye mvi hunywa mafuta mengi kuliko ubao mpya, na kwa hiyo kinga ya mara ya pili na ya tatu mara nyingi hudumu zaidi kuliko ya kwanza.

DESTURI YA PWANI

Kazi hii si ngeni kwa Waswahili. Mafundi wa majahazi wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakutegemea rangi peke yake kuuhifadhi mti katika maji ya chumvi. Mbao za juu ya maji zilipakwa sifa, yaani mafuta yaliyotolewa katika maini ya papa, na maungio yakatiwa kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta. Sehemu ya chini ya maji ilipakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Na kila baada ya muda chombo kilipwelewa ufukoni, kikakwanguliwa, kikapitishiwa moto wa makuti, kikapakwa tena.

Mtu wa Mutuini hana haja ya kutafuta sifa, maana harufu yake ingewafukuza wageni kabla ya kuketi. Lakini funzo lake lafaa bara kama pwani: nahodha hakuuliza ni dawa gani itakayodumu milele, alijua siku ya kurudia.

OILI CHAFU YA MOTAKAA

Watu wengine hupaka mbao oili chafu iliyomwagwa gereji, kwa kuwa yapatikana bure au kwa bei ndogo. Rangi yake nyeusi huonekana kama kinga, na kwa muda mfupi maji huteleza juu yake. Lakini oili hiyo haikauki kama mafuta ya linsidi. Huchafua nguo na miguu, na mvua huiosha kidogo kidogo. Ndani yake mna mabaki ya madini na masizi ya injini, ambayo baadhi yake yaweza kuleta saratani. Mvua ikiyachukua, huyapeleka katika udongo ulio chini ya baraza, ambako kuku hupekua, na katika bustani ya sukuma wiki. Watoto nao hutambaa juu ya mbao hizo hizo. Kitu kilichopatikana bure chaweza kulipwa kwa afya.

Kadhalika nguzo zenye rangi ya kijani, zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ni imara katika udongo, lakini vipande vyake visichomwe jikoni kamwe, wala visifanywe meza ya kukatia chakula. Moshi na majivu yake yana sumu.

KALENDA YA MATUNZO

Mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu, na mwezi wa Septemba, kabla ya mvua fupi, mwenye nyumba anyunyize matone machache ya maji juu ya ubao mkavu, mahali panapokanyagwa sana. Maji yakisimama kama shanga, kinga ipo bado. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, wakati wa kupaka umefika. Siku hiyo hiyo achome vichwa vya mbao kwa bisibisi, aondoe majani yaliyokwama katika nafasi, na atazame nguzo kama zina njia za mchwa.

Mwezi wa Julai, kukitokea madoa meusi, aweke tone la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Doa likipauka upesi, ni ukungu, nao wasuguliwa. Lisipopauka, ni uchafu au kutu. Dawa hiyo isichanganywe na dawa nyingine yo yote ya kusafishia, kwa maana yaweza kutoa hewa yenye sumu.

Kazi hii yote haizidi siku moja au mbili kwa mwaka. Baraza litakalotunzwa hivi halitakuwa na sura ya mbao mpya, nalo halihitaji. Litakuwa la kijivu, kavu, na imara chini ya miguu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jua hufanya nini juu ya uso wa ubao, na kwa kina gani?
2. Kuvu huhitaji vitu gani vinne, na ni kipi mwenye nyumba aweza kukizuia?
3. Kwa nini rangi nene yaweza kuozesha sakafu ya nje?
4. Kwa nini kichwa cha ubao hupakwa kabla ya kupigiliwa?
5. Tambara lililoloa mafuta ya linsidi lapasa kufanywa nini, na kwa sababu gani?